Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyeko Kirumba

Mpwa wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako ulinifikia usiku wa Jumanne nikiwa nimekwisha kuzima taa, nami nikausoma mara tatu kabla ya kulala. Umeniandikia kwamba umechoka kuitwa mlokole hapo mwaloni, kwenye gati la samaki unapowapimia wavuvi kilo zao, kwamba vijana unaoishi nao chumba kimoja wanakucheka ukipiga magoti, na kwamba sasa unafikiri uwe Mkristo wa moyoni tu, asiyesema lolote wala kukataa lolote, mpaka utakapopata kazi nyingine. Umeniruhusu nikujibu hadharani kwa sharti la kutokutaja jina, na ninakushukuru, kwa sababu vijana wengine hapa Ukerewe wameniuliza jambo hilohilo tangu Pasaka.

Hilo jina la mlokole lisikuumize. Limetoka kwa ndugu zetu Waganda, na maana yake ni mtu aliyeokoka. Lilisambaa pamoja na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda na kufika kwetu kupitia Bukoba katika miaka ya 1930. Watu wa uamsho ule waliwaudhi majirani, na mara nyingine hata wachungaji wao, kwa sababu waliungama dhambi zao mbele za watu na kurudisha mali waliyoiba. Anayekuita hivyo kwa dhihaka amekupa jina la watu waliorudisha mali ya wizi, na sijui kama kuna jina lingine la heshima kuliko hilo kwa kijana anayeshika mizani.

Na hiyo mizani ndiyo iliyoninyima usingizi. Katikati ya malalamiko yako kuhusu vicheko umeweka mistari miwili, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba tajiri wako amekuagiza sangara wa kilo 6 umwandike kilo 5, na kwamba umekuwa ukifanya hivyo tangu mwezi uliopita ili usionekane mjuaji. Mwanangu, ulimwengu unaopingana na imani yako ndio huo. Vijana wanaokucheka chumbani hawajakuondolea kitu. Lakini mvuvi aliyekesha majini, ambaye bado anadaiwa mafuta ya injini na chambo, anasimama mbele yako alfajiri akikuangalia unavyoandika, naye anaondoka na fedha pungufu kwa mkono wako. Mithali 11 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Jirani yangu mmoja, mzee Mwislamu anayenunua dagaa, aliwahi kunieleza kwamba hata katika Kurani iko sura nzima, ya 83, inayoanza kwa kuwalaani wanaopunja vipimo. Ninakutajia hilo ili usije ukadhani kwamba adui wa imani yako ni jirani anayesali tofauti na wewe. Katika suala la mizani, mzee yule na wewe mnapaswa kusimama upande mmoja.

Umesema pia kwamba wenzako wanadai dini hii ni ya Wazungu, na kwamba makanisa ni biashara. Kuhusu biashara, usibishane nao sana. Watu wanaouza maji na mafuta ya upako kwa wagonjwa wasio na nauli ya kupanda hospitali ya Bugando wameliaibisha jina la Kristo, na anayekasirishwa nao ana haki ya kukasirika; mimi mwenyewe nimekasirika. Kuhusu Wazungu, waambie wakumbuke ziwa hili wanaloliangalia kila siku. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877 na wa Kikatoliki mwaka 1879, wakiwa wamepitia upande wetu huu wa kusini mwa ziwa. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa nyumba ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walichomwa moto Namugongo. Hawakuwa wameisikia Injili hata kwa miaka kumi. Wengi wao walikuwa wa umri wako au chini yake, na katika moto ule hakuwemo Mzungu hata mmoja. Walikuwa wamemtumikia kabaka wao hadi mahali alipodai kitu ambacho dhamiri zao hazikuweza kumpa. Dini ambayo Mwafrika ameifia akiwa na miaka ishirini haiwezi tena kuitwa ya mgeni.

Sisi hatuchomwi. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na Jumapili barabara za Mwanza zinajaa watu waliobeba Biblia bila hofu. Kwa hiyo ninakuomba uwe mwangalifu na neno mateso. Nitakueleza kwa nini, ingawa si rahisi kwangu kuliandika.

Mwaka 1994 nilikuwa mshirika wa mtumbwi mmoja wa dagaa pamoja na wenzangu wawili, mmoja wao mzee wa umri wa baba yangu. Mwanzoni mwa msimu wa kwanza walisema tuchangie fedha za mganga ili mtumbwi upate dawa. Nilikuwa nimekwisha kuokoka, tena nilikuwa kiongozi wa kwaya, lakini niliogopa kuonekana mjuaji, neno lilelile unalolitumia wewe, nikatoa mchango wangu kimya. Hirizi ikafungwa kwa kamba nyeusi ndani ya omo, mbele ya mtumbwi. Kila usiku wa giza tulipowasha karabai nilikuwa naiona inavyocheza kwenye mwanga, na kila nilipoiona nilijichukia. Nilikaa hivyo miezi mingi. Halafu asubuhi moja, baada ya ibada iliyonichoma sana, nilishuka mwaloni, nikaikata kwa kisu mbele ya kambi nzima, nikaitupa majini na kumwita yule mzee mtumishi wa shetani, wanawe wakiwa wamesimama pale na ndoo za dagaa mikononi. Jioni ile waligawana vifaa na kuniondoa katika ushirika. Kwa zaidi ya miaka kumi nilisimama makanisani nikishuhudia jinsi nilivyofukuzwa kwa ajili ya jina la Yesu, na watu walinishangilia.

Mimi na yule mzee tulikutana tena msibani Nansio, yeye akiwa amezeeka sana. Aliniita pembeni, akanishika mkono, akasema, “Mwanangu, na Yesu wako sikuwa na ugomvi. Ungesema tangu siku ya kwanza kwamba fedha yako haiendi kwa mganga, tungelalamika kisha tungenyamaza. Ila ulikula nasi msimu mzima, halafu ukanivua nguo mbele ya watoto wangu.” Nililia palepale. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, na tangu siku ile sijautoa tena ule ushuhuda.

Petro, katika sura ya nne ya waraka wake wa kwanza, anatenganisha mambo ambayo mimi niliyachanganya: mtu asiteswe kama mwizi au kama mtu anayejiingiza katika mambo ya wengine, lakini akiteswa kama Mkristo asione haya. Na sura moja kabla ya hapo anataka tuwe tayari kumjibu kila mtu anayeuliza habari za tumaini letu, kwa upole na hofu. Mimi nilikosa vyote viwili, kwanza nikakosa jibu, halafu nikakosa upole. Ndiyo maana mpango wako wa kuwa Mkristo wa moyoni tu unanitisha. Ukimya ule hautakaa kimya. Utaoza ndani yako, na siku utakapotoka utatoka kama matusi, nawe utayaita ujasiri. Hata Yusufu wa Arimathaya, ambaye Yohana anasema alikuwa mwanafunzi wa siri kwa hofu, ilifika siku alilazimika kwenda kwa Pilato na kuomba mwili wa Bwana.

Sasa fanya hivi. Usimshitaki tajiri wako mbele ya wavuvi na usimhubirie. Mwendee akiwa peke yake, mwamkie kwa heshima yake yote, mwambie kwamba umekosa kwa kuandika kilo ambazo si za kweli, na kwamba kuanzia siku hiyo utaandika kile mizani inachosema. Usimwambie kwamba yeye ni mwizi; mwambie kwamba wewe uliiba. Inawezekana atakufukuza, na sitakudanganya kwamba Mungu atakupa kazi nyingine kabla ya mwisho wa mwezi, kwa maana watu waaminifu wengi wamelala njaa. Ukifukuzwa, chumba cha nyuma hapa nyumbani kiko wazi na shangazi yako amekwisha kuambiwa. Kama daftari lako linaonyesha ni wavuvi gani uliowapunja, liandike upya pembeni, jina kwa jina, kilo kwa kilo. Tutatafuta namna ya kuwarudishia, hata kama itachukua mwaka, na mimi nitachangia.

Kuhusu wale vijana wa chumbani, endelea kupiga magoti. Wakicheka, waache wacheke, na asubuhi wachotee maji ya kuoga kama ulivyozoea.

Nitapanda meli ya Ijumaa kutoka Nansio. Nisubiri bandarini, usiende kwa tajiri wako kabla sijafika, ili tuombe kwanza, kisha nikusindikize hadi mlangoni kwake. Ndani utaingia mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako.