Lile dumu la haidroliki, niletee mimi

Igoma, Mwanza

Kwako Baba Neema,

Shikamoo ya mama mkwe umfikishie. Sisi huku wazima, ila mvua ya juzi imenibebea nusu ya mchanga wa ujenzi.

Unasema gia boksi ya otomatiki ya Noah imepungua oili, na unalo dumu la oili ya haidroliki lililobaki ulipouza tipa, basi kwa nini usiongezee. Acha kabisa. Mimi nilishafanya, sijakusimulia kwa aibu tu.

Nilikuwa natoka Sengerema, enzi za kivuko cha Busisi. Fundi wa njiani akanimiminia lita nzima ya haidroliki namba 32, eti oili ni oili. Mpaka Usagara gari tamu. Kupandisha kilima cha Bugando, injini inapiga kelele, matairi yanatambaa. Gia inashika, inaachia, inashika tena. Kuchomoa stiki ya kupimia oili, ule wekundu wake umekuwa kama chai ya rangi, na harufu ya maharage yaliyoungua. Pengine ilishaanza kuungua kabla, lakini ile lita ndiyo iliyommaliza mgonjwa.

Aliyeifungua alinionyesha pleti za klachi. Zina ngozi kama karatasi ngumu, na zinaogelea ndani ya oili hiyohiyo. Kwa hiyo ATF, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, inalainisha, inasukuma vali, halafu bado inaziacha pleti zing'ang'aniane. Ina dawa zake za kazi hiyo. Haidroliki kazi yake kusukuma silinda na kulinda pampu. Klachi haizijui. Kinachotudanganya ni uzito: zikiwa na joto la kawaida, 32 na ATF aina ya Dexron III hutofautishi kwa vidole. Zikifika nyuzi 100, haidroliki inakuwa nyepesi kuliko mwenzake.

Usukani wa haidroliki wa Toyota nyingi za zamani unatumia ATF, na nadhani ndiko mafundi wanakochanganyikiwa.

Soma kitabu cha gari au stiki yenyewe. Ikisema T-IV, ambayo ni ATF ya Toyota, nunua T-IV. Kama ni CVT, ile gia boksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, hata ATF ya kawaida usiweke. Pima injini ikiwa ya moto, inanguruma, gia kwenye P. Halafu tafuta inakovujia, maana gia boksi hainywi oili. Kama umeshamimina, usiwashe, mwaga kwanza.

Dumu mpe kondakta wa basi aniletee. Jirani ana jeki ya gereji inashuka yenyewe kwa njaa ya oili. Nitakutumia sato wawili wa Mwaloni.

Ni mimi,
Baba Kulwa