Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wakulima wa Mwani

Assalaam alaykum, ndugu wanachama.

Tangu kilimo cha mwani kianze kibiashara Zanzibar mwaka 1989, wanawake ndio wengi mashambani, lakini bei bado si yetu. Tatizo linaanzia kwenye kamba. Anayepokea kamba za kupandia mwani na taitai, yaani vikamba vidogo vya kufungia mbegu, kutoka kwa mnunuzi hana budi kumuuzia yeye huyo, kwa bei atakayoitaja. Kamati inapendekeza akiba ya mwaka huu inunue kamba zetu wenyewe kwanza, kabla hata ya zile sare tulizozungumza.

La pili liko mikononi mwetu. Mwani ukianikwa chini hushika mchanga, na mnunuzi hukata uzito kwa kukisia. Ukinyeshewa, ubora unashuka. Anikeni juu ya chanja, tandazeni wembamba, geuzeni, na turubai liwe karibu. Jua kali likiwepo, siku mbili hadi tatu zinatosha. Anayevuna wiki ya nne tangu kupanda kwa kukimbilia ada ya skuli anavuna mwani ambao haujakomaa, na ukishakauka gunia halijai. Ngojeni wiki sita. Siku ya kuuza jaribuni mizani kwa pakiti ya sukari ya kilo 2 ambayo haijafunguliwa. Si ugomvi, ni hesabu.

Katika aina mbili za mwani, kotonii ina bei nzuri kuliko spinosamu, lakini maji ya kina kifupi yakipata moto hupauka, vishina vikalainika na kukatika, na mbegu, yaani vipande vya mwani vya kupandia, ikapotea pamoja na mavuno. Ndiyo maana tumebaki na spinosamu. Kwenye kina kirefu kotonii hustahimili zaidi, ila huko kunataka ngalawa, maboya na kuogelea, na wengi wetu hatujui kuogelea. Kamati inasema mafunzo ya kuogelea yatangulie, ngalawa ifuate. Tukianza na ngalawa, mashamba ya kina kirefu yatakuwa ya wanaume, nasi tutabaki ufukweni kufunga mbegu kwa malipo ya kila kamba.

Wanaoumwa macho na kuwashwa ngozi wasione aibu kusema. Viatu, glavu na miwani viingie kwenye bajeti ileile ya kamba.

Vikao vya kupitisha mapendekezo haya vitafanyika siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Siku za bamvua, maji yakikupwa mbali, kila mtu yuko shambani.