Kaka, Baba alijua niko wapi

Kaka yangu,

Mulembe. Ninakuandikia hapa hadharani kwa sababu ujumbe wangu wa simu huujibu. Binti yako ameniambia kwamba huwa unapitia ninayoandika, ukimaliza unaweka simu kifudifudi mezani na kutoka nje. Basi leo usitoke. Kaa usome hadi mwisho, hata kama ukimaliza utazidi kunikasirikia.

Septemba imefika. Juzi nilitoa hema nikalianika uani. Pembe moja bado ina matope ya mwaka juzi, na nilishika brashi nikashindwa kuyasugua. Wiki ijayo ninaenda Winfield.

Winfield. Siku ya mazishi ulilitamka jina hilo kama mtu anayetaja nyumba ya pombe. Nilikuwa nimeketi chini ya turubai karibu na Mama, leso mabegani, sijalala siku mbili kwa sababu ya ndege. Ulimnyang'anya MC kipaza sauti. Hukuwa kwenye ratiba. Ukasema, "Sisi wengine tulimshika Baba mkono. Wengine walikuwa porini na Wazungu wakicheza muziki, na simu hawashiki." Watu wakaguna. Shangazi alikuwa ameweka mkono wake gotini pangu tangu asubuhi. Akautoa. Aliutoa polepole, hakunitazama, akaanza kutafuta kitambaa mkobani ambacho hakukihitaji.

Maneno yako ningeyasahau, Kaka. Wewe una hasira za haraka tangu utotoni, na najua ulikuwa hujalala pia. Lakini ule mkono wa Shangazi sijausahau.

Hujawahi kuniuliza ninaenda kufanya nini kule. Ulisikia "muziki" na "hema" ukafunga hesabu. Ngoja nikueleze, maana ungeniuliza ningekueleza zamani.

Winfield ni mji mdogo kusini mwa Kansas, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka Wichita. Tamasha la muziki ninaloendea hufanyika kwenye viwanja vya maonyesho vya kaunti, mahali panapofanana sana na uwanja wa shoo ya kilimo ya Kakamega, mabanda yale yale ya ng'ombe, vumbi lile lile. Mto Walnut unapita kando yake, na kuna miaka umefurika hadi watu wakahamisha kambi. Lilianza 1972. Jumatano hadi Jumapili, kila Septemba. Jukwaani kuna mashindano ya gitaa, banjo, mandolini na fidla, na wanaoshindana ni mafundi hasa. Lakini miaka yote niliyokwenda, jukwaa nimelikaribia mara chache sana. Mambo yako kambini, chini ya miti ya pecan. Watu wanakaa duara kwenye viti vya kukunja na kupiga hadi alfajiri. Hakuna anayelipwa. Ukisimama njiani usiku unasikia nyimbo tano kwa mpigo, kila duara na wake, na unachagua uende wapi kama mtu aliyealikwa harusi tano.

Duara lina adabu zake. Anayeanzisha wimbo hutaja ufunguo, yaani sauti utakayopigiwa, wote wanaingia. Kisha kila mmoja anaachiwa nafasi apige peke yake, anaitwa kwa jicho tu. Kama hauko tayari unatikisa kichwa, zamu inapita kwa jirani, na hakuna anayekucheka. Wimbo ukikaribia mwisho, aliyeuanzisha huinua mguu wake mmoja kutoka ardhini, wote wakajua huu ndio mzunguko wa mwisho.

Na hakuna ngoma. Hilo ndilo lililonishika mwaka wa kwanza, nilipopelekwa na mwenzangu wa kazini, nami nikienda kwa kumridhisha tu. Muziki wa bluegrass, huo wanaoupiga kule, hauna ngoma. Anayeshika mwendo ni besi na mandolini. Besi inatembea, mandolini inakata katikati ya hatua zake, cha, cha, nyuzi zinapigwa na kuzimwa papo hapo kwa kulegeza vidole. Nilisimama na kikombe cha kahawa mkononi hadi kikapoa. Kaka, ile ilikuwa chupa yangu ya Fanta.

Unaikumbuka ile chupa. Ya zamani, yenye mikunjo, mdomo wake umevunjika kidogo. Wewe Baba alikutengenezea gitaa la galoni, akakukalisha kwenye kigoda, akakushika vidole kimoja kimoja. Mimi nilipewa chupa na msumari. "Msichana atushikie mwendo." Jioni ngapi nimeikwaruza ile chupa huku wewe ukikosea, na anayegombezwa ni mimi! "Chupa ikikimbia wimbo unakufa," ndivyo alivyosema kila siku. Gitaa lake lenyewe sikuruhusiwa kuligusa hadi nilipoondoka nyumbani. Simlaumu, ndivyo walivyokuwa. Ila siwezi kusema haikuniuma. Ulipofika kidato cha pili ukaacha gitaa kwa sababu wenzako walisema ni mambo ya walevi wa sokoni, na hata hapo hakunigeukia mimi. Alikaa akipiga peke yake.

Ndiyo maana nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa maana nilinunua mandolini. Nyuzi nane, zimekaa mbilimbili. Wenzangu duarani waliniuliza nilijifunza wapi kukata vile bila kukimbia. Nikawaambia, kwa baba yangu. Hawakuelewa, nami sikuwaeleza.

Sasa hilo la "Wazungu". Ni kweli ukitazama kambini, walio wengi ni wao. Lakini banjo ilivuka bahari na watu wetu wa Afrika Magharibi waliouzwa. Wajola wa Senegambia hadi leo wana ala ya nyuzi iitwayo akonting, na ukiiona utamjua mama wa banjo. Bill Monroe wa Kentucky, ambaye wao humwita baba wa bluegrass, alipokuwa kijana alipiga kwenye dansi pamoja na Arnold Shultz, mchimba makaa ya mawe, mtu mweusi, na mwenyewe alikiri maisha yake yote kwamba alichota kwake. Shultz alifariki 1931. Lile gitaa la Kentucky la kupiga besi kwa gumba huku kidole cha shahada kikiimba juu, lililompa mpiga gitaa Merle Travis sifa, wenyewe wakilifuatilia nyuma hufika kwa Shultz. Gumba na shahada, Kaka! Baba alikuwa kijana mdogo George Mukabi, fundi wa omutibo, ule mtindo wa gitaa wa kwetu, alipofariki 1963, na maisha yake yote alilitafuta gumba la Mukabi. Nilipomsimulia habari za Shultz, mara ya mwisho nilipokuja nyumbani, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe hatukuwa peke yetu." Halafu akaniambia nimletee gitaa. Mimi. Nikamletea kutoka chumbani, nikaliweka magotini pake, naye akapiga omutibo hadi Mama akaja kusema chakula kinapoa. Ulikuwa Nairobi wikendi ile.

Ninyi wengine mnaosoma mnisamehe, haya ni ya nyumbani.

Hiki hapa ndicho ambacho sijakuambia. Jumatano ile, Kansas saa sita mchana, kwenu saa mbili usiku, nilimpigia Baba. Wewe ulikuwa umeshatoka wodini. Nesi wa zamu alimshikia simu sikioni. Nikamwambia niko Winfield, nikafungua sauti, nikaweka simu juu ya sanduku la mandolini katikati ya duara. Alikuwapo mzee mmoja wa Oklahoma anayepiga kwa gumba. Baba alisikiliza wimbo mzima. Nilidhani amelala. Kisha nikamsikia, kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki nusu: "Mwambie gumba lake linawahi." Nikamtafsiria yule mzee. Alicheka, akavua kofia kuielekea simu, akaanza upya, polepole zaidi. Baba akasema, "Sasa."

Dakika kumi na moja, simu bado inaonyesha. Nilipomwambia naweza kupanda ndege kesho yake, alikataa. "Uje kunitazama nikikohoa? Kaa hapo. Ijumaa unipigie tena, nisikie chupa."

Kwa hiyo Baba alijua niko wapi. Alinituma nibaki. Na wewe mwenyewe, Alhamisi, uliniandikia, "Anaendelea vizuri, daktari anasema Jumatatu anaweza kwenda nyumbani." Ujumbe huo ninao. Sikuutoa siku ya mazishi, ingawa ulikuwa mkobani mwangu wakati Shangazi anatafuta kitambaa chake. Sikutaka kukuaibisha mbele ya wakwe zako.

Niliutafuta tena usiku wa leo nikitaka kuuweka hapa wauone wote. Nimeacha. Kwa sababu nikiuweka itabidi niseme na lililobaki.

Ijumaa sikupiga. Mchana mvua ilinyesha, tukawa tunahamisha viti na kufunika vyombo. Simu ilikuwa imeisha moto, nikaiacha garini ichaji. Mvua ilipokatika nikakumbuka, nikahesabu saa nane za tofauti, nikajiambia ni usiku mno, atakuwa amelala, nitampigia kesho. Nikarudi duarani. Baba alituacha Jumamosi saa kumi na moja alfajiri ya kwenu. Kansas ilikuwa Ijumaa saa tatu usiku. Mimi nilikuwa nakata mwendo, na ninakumbuka tulipiga vizuri usiku ule kuliko siku zote. Saa nane usiku ndipo nilipokwenda garini kuchukua sweta, nikaona umenipigia mara kumi na tisa. Nikapiga. Ulisema neno moja, "Umechelewa," ukakata.

Hilo ndilo kosa langu, Kaka. Lile ulilowatangazia watu silikubali, maana nilikuwa mahali aliponiweka mwenyewe. Lakini alisema Ijumaa nisikie chupa, na Ijumaa hakuisikia. Kama ungenisema kwa hilo ningepiga magoti pale pale kaburini. Hukulijua, nami sikukwambia, nikakuacha unichukie kwa kosa jingine kwa sababu lile lilikuwa jepesi kubeba.

Mwaka jana sikwenda. Nilikaa nyumbani Septemba nzima kana kwamba ninatumikia adhabu yako. Mama alinipigia akauliza, "Kule kwenu kwenye hema mmeenda?" Nikasema hapana. Akauliza kwa nini. Nikakosa la kumjibu. Mwaka huu ninakwenda.

Binti yako hunipigia video Jumapili ukiwa kanisani. Usimgombeze. Anataka kujifunza gitaa, na mimi kwa mandolini siwezi kumwonyesha kila kitu. Wewe unaweza. Vidole vyako vilifundishwa na yule mzee mwenyewe, na sidhani vimesahau, vidole havisahau kama tunavyotaka. Mkalishe kwenye kigoda. Usimpe chupa peke yake. Mimi nilipewa chupa peke yake, nikalazimika kuvuka bahari kuutafuta wimbo wote kwa wageni, na ndiyo maana siku hiyo nilikuwa mbali. Unaona? Nilitaka kukushauri juu ya mtoto, nimerudi kujitetea. Niachie.

Lingine. Binti yako ameniambia gitaa la Baba umelitundika sebuleni, mkabala na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Litoe hapo. Jua litaupinda ubao wa mbele na utapasuka. Na nyuzi zilizobaki, nadhani ni tatu, zilegeze, usiziache zimekaza bila wenzake, zinavuta shingo upande mmoja. Sikuombi unipe. Wazee walisema ni la mtoto wa kiume nami nilinyamaza, na leo pia sidai. Nataka tu lisipasuke.

Nimetuma pakiti mbili za nyuzi na mwenzetu anayesafiri kesho. Atamwachia Shangazi. Wa sita, ule mnene, Baba alikuwa akiukaza chini kidogo ya ulipotakiwa, ukiuweka sawasawa na vitabu hautasikika kama yeye.

Jumatano saa mbili usiku ya kwenu nitakuwa duarani. Si lazima useme kitu. Simu itakuwa mfukoni mwangu, imejaa moto.