Damu ya panya ilipimwa saa ngapi?

Mhariri,

Nimewasikia wakufunzi wa jimu hapa Nairobi wakiwahimiza wenye kisukari wakimbie kisha waogelee hadi misuli iwake moto, eti panya wa maabara waliofanyishwa hayo sukari yao ilishuka. Habari hii ina ukweli, ila imekatwa katikati, na nusu iliyoachwa yaweza kumlaza mtu hospitalini.

Nimewashika panya wa aina hiyo maabarani. Panya hulala mchana, na mara nyingi ndipo anapotolewa usingizini akatiwa kwenye pipa la maji vuguvugu asimopata pa kukanyaga. Akitolewa hupanguswa kwa taulo, ncha ya mkia ikadungwa, tone moja la damu likagusa stripu ya kupimia sukari. Tone hilo laweza kuonyesha sukari imepanda! Hofu na juhudi ya kulazimishwa humwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, na ini likaachilia sukari iliyokuwa akiba. Mnyama yuyo huyo, baada ya wiki kadhaa za mazoezi ya wastani, akipimwa ametulia na hajala, mara nyingi husomeka chini. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa haba.

Lakteti nayo, kemikali inayotolewa na misuli ikifanya kazi kwa nguvu na ambayo wengi huihusisha na ule moto, imesingiziwa mengi. Wanasayansi Carl na Gerty Cori, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947, walionyesha kwamba hutoka kwenye misuli ikaenda kwenye ini na kugeuzwa sukari tena. Moyo pia huitumia kama nishati. Panya aliyezoeshwa, akikimbia kasi ileile ya awali, lakteti yake hupanda kidogo tu. Kwa hiyo misuli kuwaka si kipimo cha dawa kuingia.

Naomba gazeti lenu, mnapoandika habari za utafiti wa wanyama, mseme damu ilitolewa lini, mnyama alikuwa amekula au la, na mazoezi yalidumu muda gani. Bila hayo, msomaji hana la kushika.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea haraka kutoka Kawangware hadi Westlands kunahesabika. Lakini anayedungwa insulini au kumeza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, sukari yake yaweza kuporomoka saa nyingi baada ya mazoezi, hata usiku akiwa amelala. Wakufunzi, muulizeni mtu anatumia dawa gani kabla hamjamwashia mashine. Naye apime kwanza, na awe na glukosi mfukoni.

Msomaji,
Kasarani, Nairobi