Nendeni Dodoma, lakini viwanja vya Tabora msiviuze

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wa Tabora ambao, kila jioni tunapokaa barazani, huulizana kama wakati umefika wa kuhamia Dodoma. Mimi ni fundi seremala wa Isevya, na swali hilo limenikaa kichwani tangu mdogo wangu aliponipigia simu na kuniambia kwamba huko milango huagizwa hata kuta hazijapanda.

Hakunidanganya. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, uamuzi ambao kwenye karatasi ulikuwapo tangu 1973, mji ule haujaacha kujengwa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956. Ya 2022 ikakuta 765,179. Wote hao wanahitaji pa kulala, na pa kulala panahitaji mlango, kitanda na kabati. Nilikwenda mwenyewe Julai iliyopita, nikafanya kazi wiki tano, na kwa ufundi peke yake mlango wa mninga ulinilipa karibu mara mbili ya ninavyolipwa hapa, ingawa mninga wenyewe (naomba niliseme hili kwa uchungu kidogo) ulikuwa umetoka kwetu.

Hesabu ilianza kunigomea nilipotafuta nyumba. Chumba na sebule Nkuhungu niliambiwa shilingi 120,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka miezi sita kwa mkupuo na dalali akitaka ya mwezi mmoja, yaani shilingi 840,000 kabla sufuria haijateremshwa kutoka kwenye gari. Pale alipopanga mdogo wangu, koki ya uani ilikuwa na kufuli. Mwenye nyumba aliifungua saa mbili usiku, kwa siku ambazo maji yalitoka, na wapangaji wa vyumba tisa tulianza kupanga madumu tangu saa kumi na mbili jioni, kila dumu likiwa na alama ya mwenyewe iliyochorwa kwa rangi ya kucha. Aliyechelewa kazini alinunua maji ya mkokoteni. Sikumlaumu mama huyo mwenye nyumba, kwa kuwa mji unategemea zaidi visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka kuliko visima. Karakana nayo ni ya kukodi, na mashine ya randa ni ya mtu mwingine.

Kwa hiyo mimi nimeamua kwenda bila kuhama. Wazee wetu wa Unyamwezi walibeba mizigo hadi pwani miaka mingi kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, na wengi wao waliondoka kiangazi kinapoanza, wakarudi kulima mvua zinapokaribia. Nyumba na shamba vilibaki mahali pake. Kalenda hiyo bado inanifaa, kwa sababu kiangazi ndicho msimu wa ujenzi Dodoma, na masika mafundi wengi hukaa wakingoja. Kuanzia Juni hadi Oktoba nitakuwa huko, nikilala kwa mdogo wangu na kuchangia kodi, huku mama watoto akibaki na kuku wake na watoto wakiendelea na shule wanayoijua. Reli ya kisasa inayojengwa kuja Tabora ikikamilika, safari yenyewe itakuwa fupi zaidi.

Kijana ambaye hana mtoto wala kiwanja simzuii. Aende hata kesho, akajaribu. Ninayemwandikia ni mwenye familia anayetaka kuuza kiwanja ili apate kodi ya kuanzia. Na wewe Mhariri, ninakuomba kwamba kila mnapochapisha picha za majengo mapya ya Mtumba, ule Mji wa Serikali huko Dodoma, mchapishe pia kodi ya chumba na bei ya dumu la maji kwa wiki hiyo, ili mtu wa Tabora, Urambo au Sikonge apige hesabu yake akiwa bado nyumbani.

Jirani yangu mmoja aliuza kiwanja chake mwaka juzi na fedha zote zikaishia kwenye kodi. Wiki iliyopita alinipigia kuuliza kama mnunuzi ameshaanza kujenga. Nilimjibu kwamba kokoto zimemwagwa, na ule mwembe wa mbele umekatwa.

Wako katika kazi,
Fundi Seremala,
Isevya, Tabora