Vifaru vya daftarini na vifaru vya vitani

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa kama jeshi la taifa lina vifaru vya kutosha huanzia na kuishia kwenye idadi ya daftarini, na idadi hiyo haitusaidii sana. La kuuliza ni vingapi vitawaka alfajiri, vitembee kilomita 100 na kufika vikiwa bado vinaweza kupiga.

Tuseme daftari lina vifaru 200. Toa 25 vya chuo cha mafunzo. Toa 40 vilivyo karakana kwa matengenezo makubwa. Toa na 30 vilivyonyofolewa gia boksi na darubini ili vingine viendelee kutembea. Hivi hakuna anayependa kuvitaja. Vimebaki 105. Kombania ya Kimarekani ina vifaru 14: platuni tatu za vifaru vinne vinne, pamoja na viwili vya kamanda na msaidizi wake. Basi una kombania saba na nusu tu.

Kombania hizo nazo zinakunywa. Kifaru kimoja cha Kimarekani aina ya Abrams hubeba lita zipatazo 1,900 za mafuta, na injini yake ya tabo (ya gesi, kama ya ndege) hunywa sana hata ikiwa imesimama inanguruma. Kujaza kombania moja ni lita 26,600, yaani karibu malori matatu ya lita 9,500, na malori hayo hayana deraya.

Ila kinacholaza vifaru vingi njiani ni mnyororo. Ukilegea, kifaru kikikata kona kali kwenye mteremko au tope, unachomoka kwenye gurudumu la meno. Ukikazwa kupita kiasi, unakula meno na beringi. Ndiyo maana wahudumu hupima mlegeo kila wanaposimama, hugonga pini zilizoanza kutoka na kubadilisha viatu vya mpira vilivyolika. Ukishachomoka ni mtarimbo, nyundo na jasho la watu wanne, na kama ni kwenye tope, bila kifaru cha uokoaji chenye winchi hakuna kazi. Kombania isiyo na chake itaacha nyuma vifaru vizima kwa hitilafu ndogo.

Vya akiba vinavyolala nje navyo visihesabiwe haraka: betri hufa, sili za mpira hukakamaa, mafuta ya haidroliki huvuja na darubini huingia ukungu.

Halafu kuna makombora. Uingereza ilikuwa na vifaru vyake vya Challenger 2 vipatavyo 227 ilipoamua mwaka 2021 kugeuza 148 kuwa Challenger 3. Mzinga wa Challenger 2 una mifereji ndani, hivyo haupigi makombora ya milimita 120 ya Leopard 2 ya Kijerumani wala ya Abrams. Wa Challenger 3 ni laini ndani, na ghala la mshirika linakuwa ghala lako. Kwa hilo naona walifanya vyema. Lakini 148 ukivipitisha kwenye makato yale yale ya juu, vinabaki kama 78: regimenti moja ya Kiingereza ya vifaru 56, na akiba ya 22 ya kuziba pengo la vitakavyopigwa.

Kwa hiyo wabunge wakiletewa bajeti ya vifaru vipya, waombe kwanza orodha nyingine: lobedi ngapi za kubeba tani 60 na ushei, madaraja gani ya njiani yanahimili uzito huo, injini ngapi za akiba ziko ghalani, na mafundi wangapi wa kuzifunga.

Msomaji wako