Barua kwa Rehema: anza na kazi ya mchapaji

Mwanangu Rehema,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama baridi ya huko Marekani imepungua. Pesa ya chumba imetumwa kwa njia ileile. Ukiipata mjulishe kaka yako, maana yeye ndiye aliyehangaika nayo.

Sasa swali lako. Umesema mwalimu wenu amewapa kazi ya kuandika juu ya yale matangazo ya karatasi moja, yaliyochapwa upande mmoja tu na kubandikwa milangoni, kwenye vilabu vya pombe na kwenye miti, enzi Wamarekani walipokuwa wakigombana na mfalme wa Uingereza. Ukaniuliza mimi mchapaji mstaafu: karatasi moja iliwezaje kuwachochea watu wazima wenye akili zao? Mama, usianzie kwenye maneno. Anza na fundi. Tazama kipi amekikuza, kipi hakukiweka kabisa, nani aliyemlipa, na alikuwa na haraka kiasi gani. Ukishayaona hayo, maneno utayasoma kwa macho mengine.

Mtambo wao ulikuwa wa mbao, wa kuvuta kwa mkono. Herufi ziliokotwa moja moja kutoka kwenye kasha na kupangwa kinyumenyume, kama tulivyofanya sisi nilipoanza kazi, kwa hiyo hilo nalijua kwa vidole, si kwa kuhadithiwa. Karatasi ilitengenezwa kwa matambara, nayo ililowanishwa kidogo kabla ya kuchapwa ili ikamate wino. Wino ulikuwa masizi na mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Mtu mmoja alipaka wino kwa mipira miwili ya ngozi iliyojazwa sufu, mwingine akavuta mpini. Ile ngozi ililowekwa kwenye mkojo usiku isije ikakakamaa. Ndiyo, mkojo, mwulize mwalimu wako kama hilo amewahi kulifundisha. Mafundi wawili hodari walitoa karatasi 200 na ushei kwa saa. Magazeti ya siku hizo mengi yalitoka mara moja kwa wiki, lakini tangazo lililoandikwa alasiri liliweza kuwa milangoni kabla ya alfajiri, tena bila jina la mwandishi. Asiyejua kusoma alisomewa na aliyejua. Umewahi kuwaona watu wa stendi wamesimama mbele ya muuza magazeti wakisoma vichwa vya habari bila kununua, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakibishana? Ni hivyo hivyo.

Na Waingereza wenyewe ndio waliowakasirisha wachapaji kwanza. Sheria ya Stempu ya mwaka 1765 ilitoza kodi kila karatasi ya gazeti, na kila tangazo ndani ya gazeti shilingi mbili. Ukigusa pesa ya mwenye mtambo, usishangae mtambo ukianza kukutukana. Sheria ilifutwa mwaka uliofuata, hasira haikufutika.

Picha utakayoonyeshwa kwanza darasani ni ya Paul Revere, fundi fedha wa Boston, ya mauaji ya mjini mwao. Itazame polepole. Usiku wa tarehe 5 Machi 1770, kundi la watu liliwazonga askari wa Kiingereza mbele ya Forodha kwa matusi na mabonge ya theluji. Askari wakapiga risasi, watu watano wakafa. Sasa ona Revere alivyoichora: askari wamejipanga mstari mmoja ulionyooka, wanafyatua kwa pamoja, na nyuma yao kapteni Preston ameinua upanga kama anayetoa amri. Juu ya jengo la Forodha ameweka kibao cha kuliita jumba la mchinjaji. Anga ni la buluu kama mchana, ingawa kona moja kuna mwezi mwembamba. Theluji haionekani. Mmoja wa waliouawa, Crispus Attucks, alikuwa baharia mwenye asili ya Kiafrika. Mtafute kwenye picha. Nakala nyingi zilizopakwa rangi hazina mtu mweusi hata mmoja. Nyekundu ndiyo haikukosekana: makoti ya askari na damu za waliolala chini.

Tena mchoro wenyewe hakuubuni yeye. Ulikuwa wa kijana mwingine, Henry Pelham, aliyemwonyesha kazi yake kwa nia njema. Revere akauiga na kuwahi sokoni. Pelham alimwandikia barua kali akimwambia kuwa ni sawa na kumpora njiani. Kwa hiyo picha iliyowafundisha watu kuchukia dhuluma ilianza kwa kudhulumu fundi mwenzake. Mimi hilo linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja, maana kwenye kazi yetu wezi wa michoro hawajaisha hadi leo.

Mahakamani mambo yalikwenda tofauti kabisa. John Adams, ambaye baadaye alikuwa rais, ndiye aliyewatetea askari. Preston aliachiwa, askari sita wakaachiwa, wawili wakakutwa na hatia ya kuua bila kukusudia na kupigwa chapa ya moto kwenye dole gumba. Mashahidi walisikilizwa siku nyingi. Lakini nani anayebandika mwenendo wa kesi ukutani?

Kuhusu chai ya mwaka 1773, ile ya Waingereza yenye kodi ambayo watu waliikataa, sitakuchosha, kila mtu anajua ilivyomwagwa baharini kule Boston. Soma lile tangazo la Philadelphia la mwezi Novemba, kabla Boston haijamwaga ya kwao. Liliandikwa kwa marubani wa Mto Delaware na kwa Kapteni Ayres, aliyekuwa njiani na meli yake ya Polly iliyojaa chai. Waandishi walijiita kamati ya kupaka watu lami na kuwabandika manyoya. Wanamwuliza kapteni, kwa adabu zote, anaonaje akivishwa kitanzi shingoni, akamwagiwa kichwani galoni kumi za lami, kisha juu yake yakawekwa manyoya ya mabata bukini wa porini dazeni nzima ili apendeze. Watu walicheka, na ndani ya kicheko kulikuwa na kisu. Kapteni alipofika Desemba alishuka pwani, akaukuta umati wa maelfu unamngoja, akageuza meli na chai yake bila kushusha hata kasha moja. Kwa bei ya karatasi na wino, sijui tangazo jingine lililofanya kazi safi kuliko hilo.

Majeneza nayo yana habari yake. Baada ya mapigano ya kwanza ya vita vile, huko Lexington na Concord, tarehe 19 Aprili 1775, mchapaji Ezekiel Russell wa Salem, mji ulio karibu na Boston, alitoa tangazo linalowaita Waingereza wachinjaji, na juu kabisa akapanga majeneza 40 meusi kwa safu, kila moja na jina la marehemu. Mchapaji akiiona kazi ile anajua kilichofanyika: jeneza ni kipande kidogo cha kuchapia, ukiwa nacho unakipanga kama herufi. Mtu aliye mbali, asiyejua hata alifu, anahesabu majeneza na anaelewa. (Salem hiyohiyo ndiyo baadaye meli zake zilijaa Unguja zikileta nguo za merikani na kuondoka na pembe na sandarusi, balozi mdogo wa kwanza wa Marekani pale Unguja, Richard Waters, mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Babu zetu walivaa bidhaa za mji ule bila kujua habari za majeneza yake.) Mwaka 1828 John Binns wa Philadelphia aliyarudia majeneza, safari hii dhidi ya Jenerali Andrew Jackson aliyekuwa akigombea urais, kwa sababu ya wanamgambo sita waliopigwa risasi huko Mobile mwaka 1815. Jackson alishinda uchaguzi ule. Majeneza ya Salem yaliwakuta watu waliokwisha kuzika ndugu zao; ya Binns yaliwakuta watu waliokwisha kumpenda jenerali wao. Hapo ndipo ningekaa sana kama ningekuwa mimi ninayeandika insha hiyo, kwa sababu wengi hudhani karatasi ina nguvu ya uchawi.

Tangazo la uhuru nalo, lile wanaloliheshimu kama msahafu, lilianza kama kazi ya haraka ya dukani. Jioni ya tarehe 4 Julai 1776 maandishi yalipelekwa kwa John Dunlap, kijana aliyezaliwa Strabane huko Ireland, mwenye duka la uchapaji Philadelphia. Ni maneno karibu 1,300. Mimi nadhani waligawana kazi wapangaji zaidi ya mmoja, maana peke yake mtu angekesha na bado angekosea. Zinakisiwa nakala 200 hivi, na zinazojulikana leo ni 26. Waliochunguza wanasema baadhi zilikunjwa wino haujakauka. Ukiacha la mchapaji, majina ya chini ni mawili tu, ya John Hancock, rais wa Kongresi (baraza la makoloni yaliyoasi), na katibu wake Charles Thomson, tena kwa herufi za chapa. Hakuna sahihi ya mkono. Siku tano baadaye lilisomwa mbele ya jeshi la Jenerali Washington mjini New York, na jioni watu wakaenda kuiangusha sanamu ya mfalme, madini yake ya risasi yakayeyushwa kutengeneza risasi za bunduki.

Aliyechapa kwanza majina ya waliotia sahihi alikuwa mwanamke. Mary Katherine Goddard, mchapaji na msimamizi wa posta wa Baltimore, alipewa kazi hiyo na Kongresi mnamo Januari 1777. Vita vilikuwa havijulikani vitaishaje, na kila jina kwenye karatasi ile lilikuwa la mtu anayeweza kunyongwa kwa uhaini. Mama huyu alizoea kuandika jina lake kwa herufi za mwanzo tu. Safari hiyo, chini ya karatasi, akaliweka lote. Hakuna aliyemlazimisha. Nimeiangalia mara nyingi picha ya karatasi hiyo uliyonitumia, na jicho langu linakwenda kwanza kwenye ule mstari wa mwisho wenye jina lake, kabla ya kulitazama jina la Hancock.

Lakini ukitaka tangazo linalonikosesha raha, nenda Virginia. Gavana wa mfalme, Lord Dunmore, alifukuzwa na waasi akawa anatawala kutoka melini. Huko Norfolk kulikuwa na mchapaji, John Hunter Holt, aliyekuwa akimwandika vibaya kwenye gazeti lake. Mwishoni mwa Septemba 1775 Dunmore akatuma askari. Wakabeba mtambo, herufi, na hata wafanyakazi wawili. Basi mtambo uliokuwa ukimtukana ukawa wake. Mwezi Novemba ukatoa humo melini tangazo linalosema kwamba watumwa na watumishi wa waasi, wanaoweza kushika silaha, watakuwa huru wakijiunga na jeshi la mfalme.

Lisome mara mbili. Ni watumwa wa waasi tu. Waliokuwa mali ya watu watiifu kwa mfalme walibaki watumwa, na Dunmore mwenyewe alikuwa na wake ambao hakuwaachia. Haikuwa huruma, ilikuwa hesabu ya vita. Hata hivyo fikiria habari ile ilivyosafiri. Karatasi iliandikwa kwa ajili ya mabwana waogope, na wengi wa waliotajwa humo hawakuruhusiwa au hawakufundishwa kusoma. Walisikia mabwana wakiisoma kwa hasira mezani huku wao wakihudumia. Magazeti ya waasi yalilichapa upya ili kulipinga, na kwa kulipinga yakalieneza. Mamia wakatoroka usiku, wengine na watoto mgongoni, kuzifuata zile meli. Mwezi Desemba baraza la waasi wa Virginia likatoa tangazo lake: atakayekamatwa na silaha anaweza kuuawa, atakayerudi atasamehewa. Wengi wa waliofika kwa Dunmore hawakuuawa na risasi, waliuawa na ndui iliyoingia kambini.

Na wachapaji walewale waliopanga herufi za neno uhuru, wiki hiyohiyo walipanga matangazo ya kutafuta watumwa waliotoroka, yenye ujira kwa atakayemrudisha. Kasha la herufi ni lile moja. Mwalimu akikuambia hayo ni mambo mawili tofauti, mwonyeshe gazeti moja, ukurasa mmoja.

Nimeandika hadi taa inataka kukatika, kwa hiyo nakuomba jambo. Worcester, Massachusetts, si mbali na hapo ulipo. Kuna jumba la kumbukumbu lililoanzishwa mwaka 1812 na Isaiah Thomas, mchapaji aliyeuhamisha mtambo wake kutoka Boston siku chache kabla ya mapigano ya Lexington. Mtambo huo wanao. Omba ruhusa ukauone, na upige picha mpini wake na pale karatasi inapolazwa, si sura ya mbele tu kama wanavyopiga watalii. Nataka kuona wamefungaje fremu. Na insha ukiimaliza nitumie kabla hujaikabidhi. Kiingereza changu kinatosha kuisoma, na makosa ya chapa nitakuonyesha.

Baba yako